Re: Msimu wa salmoni mto Tay, leseni inahitajika?

Mkuu umeuliza msimu wa kuvua samaki aina ya salmoni mto Tay unafunguliwa lini na kama lazima uwe na leseni. Unafunguliwa 15 Januari, unafungwa 15 Oktoba, na sisi tulioko huku Scotland tushaanza kupakua mishipi stoo maana hamu imetujaa kweli.

Leseni ya serikali kama ya England huku hakuna, ila mto una wenyewe, kila kipande kina mwenye nacho, so unalipia kibali cha siku kwake na ukae ndani ya mipaka yako. Jumapili usiende kabisa, kuvua salmoni siku hiyo ni kosa kisheria.

Kingine, kabla ya 1 Aprili kila salmoni utakayemshika lazima umrudishe majini, na mimi nasema hata baadaye warudishe tu, samaki hawa wamepungua sana inasikitisha. Wengi wa Januari utawakuta wembamba, hao wameshataga wanarudi baharini, mpya toka baharini ananenepa na kung'aa mwili mzima. Lowesha mikono kwanza, usimtoe majini, tumia ndoano isiyo na kijino, ichomoe haraka muachie aende zake.

Na usiogope ugeni, rekodi ya Uingereza nzima ya salmoni mkubwa aliyevuliwa kwa ndoano ilitoka mto huohuo, aliiweka mwanamama Georgina Ballantine mwaka 1922, samaki wa ratili 64, karibu kilo 29, na haijavunjwa mpaka leo!

Vaa soksi nzito mbili mbili, maji ya Januari ni baridi vibaya mno.