Mfundishe mbwa kurudi kabla hujamfundisha kufukuza

Mbwa wangu wa kwanza wa shamba aliitwa Jasiri, na nilimfundisha vibaya. Naandika haya kwa sababu mahindi yanakaribia kubeba, na kila mwaka wakati kama huu nawaona vijana wa huku kwetu Mkuyuni, Morogoro Vijijini, wakitafuta mbwa mkali wa kwenda naye kuamia, yaani kulinda mazao shambani yasiliwe na wanyama. Swali lao ni lile lile: nimfanyeje awe mkali? Mbwa wa kienyeji aliyeshiba na asiyeonewa atabweka mwenyewe akisikia nguruwe pori wanavunja mabua. Kazi iko kwenye kumrudisha.

Jasiri alikuwa na miezi 14. Nilimlea kwa kumchochea tu. Nikiona ngedere mtini nilipiga makofi, nikapiga ukelele "kamata, kamata!", na akitoka mbio nilimsifu. Usiku mmoja wa mwezi wa tano nguruwe waliingia shambani kutoka upande wa mto, naye akaondoka kama mshale. Nikiwa juu ya dungu, jukwaa la mlinzi shambani, nilisikia mbweko wake ukiteremka, ukaingia kwenye matete, ukazidi kufifia. Niliita mpaka sauti ikanikauka. Asubuhi tulimkuta kando ya maji, tumbo limechanwa na meno ya dume la nguruwe.

Baba mkubwa, aliyekuwa msasi, yaani mwindaji, ujanani mwake, alikuja kunisaidia kumzika. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwenda ulimfundisha wewe. Kurudi ulimwachia nani amfundishe?"

Kisha akanikumbusha jambo tulilosoma utotoni kwenye chuo cha Kurani. Surat al-Maida, aya ya 4, inahalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wakaeleza aliyefundishwa ni yupi: akitumwa huenda, akizuiwa huacha, na akikamata hamli aliyemkamata. Mimi siwindi, nalinda mahindi na mihogo yangu. Lakini sharti la pili ndilo lililokosekana usiku ule, na tangu siku hiyo ndilo ninaloanza nalo.

Kito, mbwa wangu wa sasa, nilimchukua akiwa na wiki 8, baada ya kuacha kunyonya. Kwenye kundi la watoto watano niliangusha kifuniko cha debe chini. Wawili walikimbia wakajificha, wawili hawakujali, mmoja alishtuka, akatulia, kisha akarudi kukinusa kile kifuniko. Huyo ndiye niliyemtaka. Shambani kuna kelele za madebe usiku kucha, na mbwa anayeshtuka akazinduka haraka ni bora kuliko asiyeshtuka kabisa.

Kuanzia siku ya kwanza, chakula chake kilikuja na filimbi. Nashika sufuria ya ugali wa dona na dagaa, napuliza mara mbili fupi, ndipo naweka chini. Asubuhi na jioni, wiki mbili mfululizo, bila neno lingine. Nachagua filimbi kwa sababu sauti ya mtu hubadilika akiwa na hofu au hasira, na mbwa huijua hofu yako kabla hujamaliza kuita. Filimbi ni ile ile usiku na mchana, na hata mke wangu au mtoto akiipuliza maana haibadiliki.

Baada ya hapo nilimfunga kamba ya katani yenye urefu wa mita 10, ikiburuzika nyuma yake. Uani kwanza, kisha njiani, kisha karibu na kuku. Napuliza, akija, anapata kichwa cha dagaa na kupapaswa. Asipokuja, navuta kamba taratibu bila kusema kitu mpaka anafika, na bado anapata dagaa wake. Hapo watu wengi hukosea: mbwa akichelewa, akifika anachapwa. Yeye hajui kwamba anachapwa kwa kuchelewa. Anajua kwamba amekuja kwako akaumia, na kesho hatakuja. Sijawahi kumwita Kito nikamwadhibu, hata siku aliyotafuna kandambili ya mgeni. Na kama huna hakika kwamba atakuja, na kamba huna mkononi, usiipulize filimbi. Kila anapoisikia akaipuuza, unamfundisha kuipuuza.

Alipofika miezi mitano tulianza zoezi gumu zaidi. Kijana wangu alikuwa anakimbia akiburuza kipande cha ngozi ya mbuzi, Kito anakifukuza, na katikati ya mbio napuliza. Mara za mwanzo kamba ndiyo iliyomsimamisha. Ilichukua karibu miezi miwili mpaka akawa anageuka mwenyewe, masikio nyuma, akirudi kwangu kwa kasi ile ile aliyokwenda nayo. Siku alipofanya hivyo mara tatu mfululizo nilikaa chini kwenye majani nikamkumbatia. Nilimkumbuka Jasiri sana siku ile.

Kuhusu kuku na mbuzi nitasema kidogo tu. Mkae naye karibu nao akiwa kwenye kamba, mpe dagaa kila anapogeuza macho kutoka kwao, basi. Ile desturi ya kumfunga mbwa kuku mfu shingoni ni mateso, na sijaona mbwa hata mmoja aliyeacha kuku kwa sababu hiyo.

Shambani nilianza kwa kumtembeza mipakani. Kila jioni kabla jua halijazama tulizunguka kwenye mfereji na ukingo wa msitu, na kila tulipofika mpakani nilipuliza akarudi ndani. Baada ya muda mpaka ukamwingia miguuni. Sasa anafukuza mpaka kwenye mfereji, anasimama pale, anabweka. Hiyo inatosha kabisa. Nguruwe akisikia mbwa hatulii kula, na dume la nyani lina chonge ndefu kuliko za mbwa wako. Ukimchochea mbwa amng'ate nyani unampeleka kuchanwa. Kwa hiyo neno "kamata" halitamkwi tena shambani kwangu.

Jambo lililonifurahisha kujifunza ni upepo. Huku chini ya milima ya Uluguru, jua likishakuzama na anga likiwa tulivu, hewa ya baridi huteremka kutoka juu. Mchana jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Kwa hiyo jioni namweka Kito upande wa chini wa shamba, harufu ya wanaotoka msituni imfikie puani mapema. Nikiwa na shaka nachukua jivu kidogo nikalidondosha nione linaelekea wapi. Yeye huinua pua, anakaza shingo, na mara nyingi anajua kabla sijasikia jani likitikisika. Ndipo napiga debe na kuwasha tochi, na wageni wanageuza bila hata kuliona shamba.

Mfundishe pia kutulia akifungwa. Watu hutega nyaya pembezoni mwa msitu, na mbwa anayepapatika kwenye waya hujikaza mwenyewe. Nilimzoesha Kito kubanwa kidogo na kamba shingoni au mguuni, nami namwambia "kaa" mpaka nimfungue. Ilimsaidia mara moja. Waya ulimkamata mguu wa mbele, nikamkuta amelala kimya ananisubiri, na jeraha lilikuwa la ngozi tu.

Usimpeleke kazi ya usiku kabla hajafikisha mwaka, mifupa bado inakua. Mchana wa jua kali apumzike kivulini na maji karibu, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Na chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Mbwa wa shambani hukutana na mbweha na wanyama wengine ambao humjui aliyeugua. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Jambo la sheria nalo ni zito. Kumfukuza mnyama atoke shambani ni kitu kimoja, kumfuata porini umuue bila leseni ni kingine, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haichezi. Uharibifu ukizidi, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori aitwe.

Mwaka jana, mwezi wa tano tena, nguruwe walishuka kwa njia ile ile ya mtoni. Kito aliwatimua mpaka mfereji, na wa mwisho alipoingia kwenye matete nilimsikia mbwa wangu naye anasogea. Mkono ulinitetemeka nikiitafuta filimbi. Nilipuliza mara mbili. Mbweko ukakatika, matete yakanyamaza, na muda si mrefu nikasikia mahindi yakipepesuka chini ya dungu. Alikuwa amelowa umande mpaka masikioni. Nikashuka ngazi na dagaa mkononi.