Kocha wa chuo kidogo Iowa anamfuata mwanao: ada, basi na dakika za kucheza

Dada mleta mada, umeuliza mambo matatu. Kocha wa chuo cha Divisheni III (ngazi ya tatu ya NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo Marekani) kilicho chini ya saa moja kutoka Des Moines, Iowa, amekuja mechi za kikapu za mwanao mara tatu: je, hiyo ndiyo skolashipu? Timu za aina hiyo zinasafirije, na nani analipa? Na akienda, atacheza au atakaa benchi? Waliotangulia kujibu wamechanganya vyuo vinavyoonekana kwenye televisheni na hivi vidogo, ndiyo maana umezidi kuchanganyikiwa.

Jambo la kwanza ni ngazi, kwa sababu kila ngazi ina sheria zake za fedha. Mjini Des Moines kwenyewe Drake ni Divisheni I, Grand View ni NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo nje ya NCAA. Ukitoka nje kidogo unakutana na Simpson kule Indianola na Central kule Pella. Hivyo ni Divisheni III, ligi ya American Rivers, pamoja na Wartburg, Luther, Loras, Dubuque, Coe, Buena Vista na Nebraska Wesleyan. Divisheni III haitoi skolashipu ya michezo, hata senti moja. NAIA inaruhusu timu ya kikapu ya wanaume thamani ya skolashipu 8, lakini zinakatwakatwa: huyu nusu, yule robo. Kwa hiyo kocha wa Divisheni III akitamka "skolashipu", anazungumzia punguzo la ada ambalo ofisi ya udahili inatoa kwa sababu ya maksi za shule. Kanuni zinakataza uwezo wa kikapu kuingizwa kwenye hesabu hiyo. Hapo kuna baraka ambayo wazazi wengi hawaioni: mtoto akivunjika goti au akiacha timu mwaka wa pili, punguzo lake halipotei kwa sababu hiyo. Kwenye NAIA fungu la michezo linaweza kuondoka na mchezo wenyewe, kwa hiyo huko uliza kwa maandishi kama linahuishwa kila mwaka na kwa masharti gani.

Kwa nini kocha amekuja mara tatu? Angalia kalenda. Hai skuli za Iowa hucheza zaidi Jumanne na Ijumaa usiku. Ligi yake hucheza Jumatano na Jumamosi. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa jioni yeye au msaidizi wake anawasha gari, anatazama mechi, anarudi kulala kwake, na gharama yote ni mafuta. Mtoto wa Texas angemtafunia bajeti kwa safari moja tu. Mtoto wa karibu ana faida nyingine pia: familia inajaza viti, ruzuku ya jimbo inamhusu, na baridi ya mwaka wa kwanza haimshangazi.

Lipo jingine ambalo kocha hatakwambia waziwazi. Vyuo hivi vya binafsi vinaishi kwa ada, na makocha wengi wanapewa idadi ya wanafunzi wa kuleta. Ndiyo maana unakuta timu yenye majina 24 au zaidi wakati uwanjani wanaingia watano. Kocha anaweza kumpenda mwanao kweli, na bado akawa anawapenda hivyohivyo vijana wengine 40. Ishara za kocha aliye makini zinajulikana. Anaomba matokeo ya shule mapema, si mwezi wa nne. Anaongea na mwalimu wa darasa, si kocha wa shule peke yake. Anakuja tena hata kama mtoto alicheza vibaya wiki iliyotangulia. Anamwalika alale usiku mmoja bwenini na wachezaji. Na ukimuuliza ana magadi (guards, wachezaji wa nje wanaoongoza mpira) wangapi na wangapi wanahitimu, anataja hesabu bila kuzunguka.

Anachokitazama uwanjani si pointi tu. Mstari wa pointi tatu wa hai skuli uko mita 6.02, wa chuo kwa wanaume ni mita 6.75. Kijana anayerushia nyuma tu ya mstari wa hai skuli na kufunga asilimia nzuri hajathibitisha kitu bado. Hai skuli za Iowa zilianza kutumia saa ya kurusha (muda ambao timu lazima iwe imerusha mpira golini) ya sekunde 35 msimu wa 2022-23. Chuoni ni sekunde 30, na mechi inapanda kutoka dakika 32 hadi 40. Kwa hiyo macho yanakwenda kwenye miguu wakati wa kukaba, kama anaongea na wenzake, na anafanya nini sekunde tano baada ya kupoteza mpira. Video mtumie mechi mbili nzima pamoja na vipande vya dakika tatu au nne. Andika rangi ya jezi na namba mwanzoni kabisa. Vipande vyenye muziki na kudanki tu kocha huvifunga haraka.

Kuhusu dakika: fungua ukurasa wa timu, hesabu wachezaji wa nafasi yake kwa mwaka wa masomo. Kama kuna magadi tisa na wawili tu ndio wanahitimu, mwaka wa kwanza ni timu ya pili. Timu ya pili si aibu, ila uliza inacheza mechi ngapi kwa msimu, maana kuna vyuo inacheza kumi na zaidi na vingine inafanya mazoezi tu. Uliza pia swali hili moja: kati ya wale wa mwaka wa kwanza walioingia miaka mitatu iliyopita, wangapi bado wako kwenye timu? Jibu lake linakufaa kuliko rekodi ya ushindi. (Chuo cha Grinnell, mashariki mwa Des Moines, ni kesi ya peke yake. Mfumo wa kocha David Arseneault ulikuwa wa kubadilisha watu watano kwa mkupuo kila baada ya muda mfupi, hivyo wengi walicheza. Huko ndiko mchezaji Jack Taylor alifunga pointi 138 kwenye mechi moja mwaka 2012. Usimpime kocha mwingine yeyote kwa kipimo hicho.)

Sasa fedha. Kila chuo lazima kiwe na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake, anza hapo kabla hujasafiri kwenda kutembelea. Nitatoa mfano wa kubuni uone hesabu inavyokwenda. Tuseme bei ya ada, bweni na chakula ni dola 56,000. Punguzo la maksi 27,000. Ruzuku ya Pell, ya serikali kuu kwa familia za kipato kidogo, ambayo kiwango chake cha juu kwa 2025-26 ni 7,395. Ruzuku ya jimbo kwa wakazi wa Iowa wanaosoma vyuo binafsi, iitwayo Iowa Tuition Grant, tuseme 7,000. Zinabaki 14,605. Mwaka wa kwanza mtoto anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikalini hadi 5,500, kwa hiyo mfukoni mwenu zinatoka 9,105. Hiyo 9,105 ndiyo namba ya kulinganisha na chuo kingine, si 27,000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye barua. Mtoto mwenye uraia au grini kadi anajaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za chuo. Mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii naye anaweza kufungua akaunti ya kusaini sehemu yake, usikubali kuambiwa haiwezekani. Jaza mapema: baadhi ya ruzuku zina tarehe ya mwisho na hazingoji.

Safari. Chuo ndicho kinacholipa basi, hoteli na chakula cha safari ya mashindano. Mzazi analipia raba za ziada, wakati mwingine begi na nguo za mazoezi, na michango ya safari ya likizo kama timu inakwenda mbali mwezi wa kumi na mbili. Hiyo ya mwisho uliza kiasi kabla, kwa sababu huitwa "harambee" halafu mwishoni kila mchezaji anapewa kiwango chake.

Ligi ina timu tisa, kila moja inacheza na nyingine nyumbani na ugenini, kwa hiyo mechi 16, nane za ugenini. Kikomo cha Divisheni III ni mechi 25, hivyo jumla ya safari ni kumi na kitu. Wanawake na wanaume husafiri basi moja la viti 50 na zaidi, kwa sababu mechi hupangwa mfululizo. Jumatano wanawake wanaanza kama saa 12 jioni, wanaume saa 2 usiku. Nimetumia saa zetu za Kiswahili: saa 2 usiku ni 8:00 p.m. ya ratiba yao. Basi linatakiwa kufika saa moja na nusu kabla ya mechi ya kwanza. Maana yake mchezaji wa kiume anafika ukumbini zaidi ya saa tatu kabla hajacheza, na hapo ndipo wengi wanaharibu: wanakula pizza saa 12 jioni, saa 2 miguu mizito. Chakula kizito kiliwe muda wa saa nne kabla ya mechi; baada ya hapo ndizi, mkate na maji.

Safari za karibu ni za kwenda na kurudi. Kutoka Storm Lake (Buena Vista) hadi Decorah (Luther) ni mwendo wa kama saa nne kwa basi, kwa hiyo timu inarudi saa nane au tisa za usiku na darasa la asubuhi liko palepale. Kutoka Lincoln, Nebraska (Nebraska Wesleyan), hadi Decorah ni zaidi ya saa sita kila upande, na hapo sheria inaingilia. Dereva wa basi la abiria haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 10 baada ya mapumziko ya saa 8, wala kuendesha akishakuwa kazini saa 15. Kwenda na kurudi ni saa 12 na zaidi. Ama timu inalala hotelini, ama dereva wa pili anapandishwa njiani. Timu inayosema "tutarudi tu" kwa dereva mmoja kwenye safari kama hiyo, hapo ni pa kuuliza kwa sauti.

Timu ya pili mara nyingi haipewi basi, inapewa vani. Uliza nani anaendesha na vani ni ya viti vingapi. Zile za watu 15 wakala wa usalama barabarani wa Marekani alishazitolea tahadhari tangu 2001: zikibeba watu 10 au zaidi, hatari ya kupinduka inakaribia mara tatu, na vyuo vingi vimeziacha. Barafu ya barabara kuu ya I-35 mwezi wa kwanza haisamehi. Majibu mazuri ni vani ndogo, dereva mtu mzima aliyepitishwa na chuo, na kanuni iliyoandikwa ya kuahirisha.

Kama mwanao anataka uuguzi au baiolojia, na wengi wetu ndiko tunakowasukuma, tazama ratiba ya maabara na mazoezi ya hospitali. Basi la Jumatano linaondoka mchana. Maabara ya Jumatano alasiri itagongana nalo karibu kila safari ya katikati ya wiki. Mwalimu akipewa barua ya safari zote wiki ya kwanza ya muhula, kwa kawaida anapanga naye. Akipewa siku moja kabla, hapana. Muulize kocha ana wauguzi wangapi kwenye timu sasa hivi. Akisema hakuna, huenda hajawahi kulitatua hilo.

Likizo ya Krismasi timu inarudi mapema, mara nyingi siku chache tu baada ya tarehe 25, na jiko la chuo huwa limefungwa. Hapo ukaribu wa nyumbani unalipa. Jiandae kwa sufuria kubwa la bugali na sombe, maana hatakuja peke yake.

Mwisho, karatasi. Watoto wengi waliokuja kama wakimbizi wameandikwa wamezaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Iowa hairuhusu aliyetimiza miaka 20 kucheza hai skuli, na muhula wa nane ndio wa mwisho, kwa hiyo mwaka ulioandikwa vibaya unaweza kumkatia msimu. Marekebisho yaanze mapema, yana mlolongo. Divisheni III chuo chenyewe ndicho kinachoamua kumdahili, lakini Divisheni I na II zinataka masomo 16 ya msingi yaliyoidhinishwa, na si kila kipindi cha Kiingereza cha wageni kinahesabiwa. Mpeleke kwa mshauri wa shule akiwa darasa la tisa au la kumi, na matokeo ya shule ya kambini kama mnayo, na mwombe orodha ya masomo yanayokubaliwa kwa shule hiyo, iliyochapishwa.