Maswali na Majibu: Watu Wanne Walio Kati ya Asha na Juma

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninajiandaa kwa usaili wa mchujo wa kazi serikalini, na katika karatasi ya mazoezi tuliyogawana na wenzangu nimekutana na swali hili: "Katika foleni, Asha ni wa 14 kutoka mbele na Juma ni wa 17 kutoka nyuma. Kati yao wamesimama watu 4. Foleni ina watu wangapi?" Mimi nilipata 35. Mwenzangu, ambaye hakufuata kanuni yoyote bali alichora tu, alipata 25. Ukurasa wa majibu unasema taarifa zilizotolewa hazitoshi. Nani kati yetu amekosea?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hesabu zenu zote mbili ni sahihi, na kwa sababu hiyohiyo ukurasa wa majibu nao ni sahihi. Kosa lenu ni moja: kila mmoja aliishia kwenye foleni ya kwanza iliyomjia akilini.

Wewe ulimweka Asha mbele ya Juma. Foleni ya namna hiyo ina vipande vitatu visivyoingiliana, yaani watu 14 wanaoishia kwa Asha mwenyewe, 4 wa katikati, na 17 kuanzia kwa Juma hadi mkiani, ambao jumla yao ni 35. Mwenzako alimtanguliza Juma. Ukitoka kwa Asha aliye wa 14 na kwenda mbele, unawapita wa 13, wa 12, wa 11 na wa 10, ambao ndio wale wanne, kisha unamkuta Juma akiwa wa 9; na kwa kuwa yeye ni wa 17 kutoka nyuma, nyuma yake wapo 16, basi foleni ina watu 9 na 16, yaani 25. Katika swali zima hakuna neno hata moja linalosema nani kamtangulia mwenzake, na mtahini aliliacha neno hilo kwa makusudi.

Soma basi maneno ya mwisho ya swali kuliko namba zake. Lingeuliza idadi ndogo kabisa inayowezekana, jibu lingekuwa 25. Lingeuliza idadi kubwa kabisa, lingekuwa 35. Tena, si kila mara foleni zote mbili zinawezekana. Tuseme Asha angekuwa wa 3 kutoka mbele: Juma asingepata pa kusimama mbele yake na bado akaacha watu 4 katikati, kwa hiyo ingebaki foleni moja tu, yenye watu 3, 4 na 17, jumla 24, na anayejibu hapo kwamba taarifa hazitoshi atakuwa amekosa alama aliyoistahili. Mwenzako anayechora ameanza vizuri kuliko wewe; kilichompungukia ni mchoro wa pili.

SWALI: Nimekariri kwamba jumla ni nafasi ya kutoka juu, kujumlisha nafasi ya kutoka chini, kutoa moja. Hiyo moja inatolewa kwa nini, na mbona wakati mwingine kanuni hii inanipa jibu lisilomo kati ya yale ya kuchagua?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Inatolewa kwa sababu mtu mmoja amehesabiwa mara mbili, mara ya kwanza ulipohesabu kutoka juu na mara ya pili ulipohesabu kutoka chini. Chukua ripoti ya mtoto wako iliyoandikwa "nafasi ya 7 kati ya 45". Wazazi wengi wakiulizwa yeye ni wa ngapi kutoka mwisho hujibu haraka kwamba ni wa 38. La hasha: 38 ni wale walio chini yake, na yeye mwenyewe ni wa 39.

Kuhusu majibu yasiyomo, nashuku unajumlisha watu wasiopangwa katika orodha moja. Mtahini akisema kwamba mwanafunzi ni wa 9 kutoka juu na wa 28 kutoka chini miongoni mwa waliofaulu, na kwamba 6 walifeli, waliofaulu ni 36 na darasa zima lina wanafunzi 42. Neno "miongoni mwa" ndilo linalopaswa kupigiwa mstari.

SWALI: Bahati ni mkubwa kwa umri kuliko Neema. Neema ni mkubwa kuliko Zawadi. Tumaini ni mdogo kuliko Bahati. Nani mdogo kuliko wote? Nilijibu Zawadi, nikakoseshwa.
Msomaji, Tanga

JIBU: Waandike kwa kushuka, mkubwa juu: Bahati, Neema, Zawadi. Sasa mtafutie Tumaini mahali. Unachojua ni kwamba yuko chini ya Bahati tu. Anaweza kumzidi Neema, anaweza kukaa kati ya Neema na Zawadi, na anaweza kuwa chini ya wote. Mwandike pembeni, na mshale mmoja unaotoka kwa Bahati, wala usimwingize kwenye safu mpaka sentensi nyingine ikuruhusu. Kwa taarifa hizi, unaweza kutaja kwa uhakika mkubwa wa wote, ambaye ni Bahati, lakini mdogo wa wote hajulikani.

Jihadhari pia na ukanushi. "Neema si mkubwa kuliko Zawadi" haimaanishi kwamba ni mdogo wake, kwani wanaweza kulingana umri. Mtahini akitaka kuuziba mlango huo, huandika mapema kwamba hakuna wawili walio sawa.

SWALI: Mstari wa watu ukitazama kusini, kushoto ni wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kushoto kwao ni mashariki, yaani upande wa kulia wa karatasi yako ikiwa umeiweka kaskazini juu. Itazame picha ya timu ya mpira iliyopangwa kabla ya mechi: mchezaji aliye kushoto kwa nahodha wewe unamwona upande wa kulia wa picha. Wanaotazama kaskazini hawasumbui, kwa kuwa kushoto kwao na kushoto kwa karatasi ni kumoja.