Sarafu ya harusi ya Charles na Diana: ni fedha kweli? Ipime ndani ya maji

Mkuu, unasema marehemu baba amekuachia sarafu kubwa ya 1981 yenye sura za Charles na Diana, na sonara amekuhakikishia ni madini ya fedha kwa sababu ni nzito. Usikubali bei yoyote bado. Kwa sarafu hii uzito hausemi kitu.

Mama mkubwa alikuwa muuguzi Uingereza miaka ile, akaniachia mbili. Moja ilikuwa kwenye kijisanduku chenye cheti, nyingine kaifunga kwenye leso. Nikazipima: zote gramu 28.28, zote upana wa milimita 38.61. Nikaamini nina fedha mbili.

Kumbe Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, waliipiga kwa madini ya aina mbili, uzito na upana wakaacha sawasawa. Ya kawaida ni shaba iliyochanganywa na nikeli, na zilitoka zaidi ya milioni 26. Za fedha, ile ya asilimia 92.5, zilikuwa laki mbili na ushee, zikauzwa kwenye visanduku. Muhuri wa fedha kama wa bangili usiutafute, sarafu hizi hazigongwi muhuri.

Kinachozitofautisha ni ujazo. Fedha imeshikana zaidi, kwa hiyo sarafu yake ni nyembamba kidogo, tofauti ambayo jicho halioni. Tafuta mizani ya sonara inayosoma mpaka gramu 0.01. Weka juu yake glasi ya maji, irudishe kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba, izame yote bila kugusa chini wala pembeni, na viputo vya hewa vitoke. Namba itakayosomeka ndiyo ujazo wake. Ikisoma karibu 2.7, ni fedha. Ikisoma karibu 3.2, ni shaba na nikeli. Ile ya kwenye leso ilisoma 3.17.

Ya kisandukuni ilisoma 2.73, ila nilikuwa nimeshaiharibu. Uso wake ulikuwa unang'aa kama kioo, mimi nikaona doa jeusi pembeni nikaisugua kwa dawa ya meno. Ikajaa mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo haiondoki. Mama mkubwa aliitunza zaidi ya miaka thelathini bila kuigusa kwa kidole. Inaniuma mpaka leo. Tafadhali, yako usiisugue hata kwa kitambaa laini.

Ya yubile ya Malkia ya 1977 ina mtego huohuo wa aina mbili. Ya yubile ya George V, 1935, hata zile za kawaida ni nusu fedha. Ya kutawazwa kwa Elizabeth, 1953, ni shaba na nikeli.

Yako ikiwa ya fedha, ina kama gramu 26 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, na chini ya hapo usiuze. Ukishaipima, weka hapa namba uliyosoma na picha za pande zote mbili, tuiangalie pamoja.