Kosa Lililojificha Nyuma ya Kiswahili

Karatasi za moko (mitihani ya majaribio) za Kiingereza zinazozunguka hapa Tabora, nyingi zikiwa kopi ya kopi, hazikosi swali hili: sentensi ina kosa, lirekebishe. Mwanafunzi anaisoma, inamkaa vizuri, anaandika ileile. Inamkaa vizuri kwa sababu kichwani anaisikia kwa Kiswahili, na watunzi wa maswali wanalijua hilo.

Chukua "Although it was raining, but we went to the market." Kwetu "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda" haina ubaya wowote. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu: ukibaki na "although", futa "but". "Unless" nayo tayari imebeba ukanushi ndani yake, kwa hiyo "Unless you don't hurry, you will miss the train" ni kukanusha mara mbili. Sahihi ni "Unless you hurry".

Linalosumbua kuliko yote ni "used to". Mtu akitaka kusema huwa anaamka saa kumi na mbili asubuhi, anaandika "I used to wake up at six." Hapo amesema zamani alikuwa akiamka saa hiyo, siku hizi haamki tena. Ile "hu-" yetu ya mazoea inatafsirika kwa wakati uliopo wa kawaida: "I wake up at six" au "I usually wake up at six." Halafu kuna ndugu yake, "be used to", yaani kuzoea, ambayo hufuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing". Linganisha:

"My uncle used to sell honey." Alikuwa akiuza asali, ameacha.
"My uncle is used to selling honey." Ameizoea kazi ya kuuza asali.

Ukiona "is used to sell" kwenye sentensi ya mjomba huyu, kosa umelipata.

Sentensi isiyoonyesha kosa isome mara tatu, kila mara ukiwa na jambo moja tu. Kwanza kitenzi na mwenye kitenzi. Kwenye "One of the boats are leaking", jicho linadakwa na "boats" kwa kuwa liko jirani. Funika "of the boats" kwa kidole. Inabaki "One are leaking", na hapo hata anayeanza ataona kwamba inatakiwa "is". Mara ya pili tafuta neno la muda. "He has gone to Kigoma yesterday" ni "amekwenda Kigoma jana" iliyovalishwa Kiingereza; "yesterday" inadai "went". Mara ya tatu kagua vijineno: "despite of" haina haja ya "of", "discuss about" haina haja ya "about", na "look forward to" hufuatwa na "seeing", si "see".

Jozi mbili inabidi zikae kichwani tu: "no sooner" huenda na "than", "hardly" huenda na "when". "No sooner had the train left Tabora than it began to rain." Angalia pia "had" ilivyomtangulia mtenda. Na "hardly" si "kwa bidii": mvuvi aliyefanya kazi "hardly" ni kama hakufanya kazi kabisa.

Majibu yaliyochapwa nyuma ya karatasi nayo hukosewa, hasa yakipita mikono mingi. Jibu lako likipishana nayo, usilifute kwanza. Tafuta neno husika kwenye kamusi yenye sentensi za mifano, kisha mwonyeshe mwalimu sentensi nzima, si herufi ya jibu peke yake.

Kila kosa liingie kwenye daftari lenye safu tatu: sentensi yenye kosa, iliyosahihishwa, na sababu, kwa Kiswahili chako mwenyewe. Baada ya siku saba funika safu mbili za mwisho kwa karatasi ujaribu upya. Ukirekebisha sentensi lakini ukashindwa kutaja sababu, itie alama uirudie wiki inayofuata.