Maswali yenu kuhusu dhabu, mjusi wa jangwa la Uarabuni

Kaka yangu anafanya kazi Oman, ametutumia video ya mjusi mnene mwenye mkia wa miba. Ni kenge?

Hapana, ndugu. Kenge wa jangwani wapo huko, lakini hao ni wala nyama. Huyu ni dhabu, kwa jina la kisayansi Uromastyx aegyptia, na chakula chake hasa ni majani, maua na mbegu. Mkubwa huweza kufikia sentimita 70. Akitishwa hukimbilia shimoni, kisha humchapa kwa mkia ule wa miba yeyote anayemfuata.

Anapatikana wapi hasa? Na sisi tunaye?

Kenya na Tanzania hayupo, ingawa jamaa zake wa karibu wanafika Somalia. Yeye mwenyewe anaanzia Misri mashariki ya mto Nile, anapita Sinai, Jordan, Syria na Iraq hadi kusini-magharibi mwa Iran, kisha anashuka Saudia, Kuwait, Qatar, Emirates, Oman na Yemen. Aliyemweleza kisayansi ni Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa 1775.

Ila usidhani amejaa kila pembe ya nchi hizo. Dhabu anataka ardhi ngumu, yenye changarawe, ambayo shimo likichimbwa halibomoki. Kwenye vilima vya mchanga laini hakai. Kwa hiyo gari linalokatiza ovyo nyanda zile, au mifugo inayomaliza majani yake, humwondolea makazi hata kama jangwa lote linaonekana tupu.

Anaishije bila maji?

Maji mengi huyapata kwenye majani anayokula. Chumvi inayozidi mwilini huitoa puani, na ndiyo ule ukoko mweupe unaouona kwenye tundu za pua. Asubuhi ngozi yake huwa nyeusi nyeusi ili ivute joto. Akishapata moto, hugeuka na kuwa ya manjano. Jua likizidi, anarudi shimoni kwenye ubaridi.

Ni halali kumla?

Hadithi yake inajulikana: Mtume (s.a.w.) aliletewa dhabu wa kuchoma, hakumla, akaeleza kuwa si mnyama wa nchi ya watu wake, wala hakumharamisha, sahaba wake Khalid bin Walid akamla pale pale. Kwa madhehebu ya Shafi ni halali, Mahanafi wanaona kumla ni makruhu, yaani jambo lisilopendeza. Zaidi ya hapo muulize shehe wako.

Mimi nasema hivi: halali si lazima. Dhabu huchukua miaka kukomaa, na anayewindwa mara nyingi ni yule mkubwa anayezaa. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imeshamweka miongoni mwa spishi zilizo hatarini kutoweka. Mwacheni.

Naweza kununua mmoja Dubai nije kumfuga Mombasa?

Kumvusha mpaka kunahitaji kibali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Na joto la Mombasa lina unyevu mwingi, haliwafai wanyama wa jangwani. Usimnunue.