Noti ndiyo bandia, lugha je?

Msomaji wa Tanga anauliza: "Nimesoma kwamba Akademia ya Kimataifa ya Sayansi ya San Marino huendesha shughuli zake kwa Esperanto, 'lugha bandia'. Je, tuseme Esperanto au Kiesperanto?"

Sema Kiesperanto, kama usemavyo Kilatini. Neno Esperanto lenyewe, ambalo Ludwik Zamenhof, aliyeiunda lugha hiyo, alilitumia kama jina lake la kalamu alipochapisha kitabu chake cha kwanza huko Warsaw mwaka 1887, maana yake ni "anayetumaini". Swali lako limekwisha, ila hiyo "lugha bandia" uliyoipitisha kimyakimya siwezi kuipisha.

Bandia ni kitu kinachojifanya kingine: noti bandia hujifanya noti ya Benki Kuu, na dawa bandia hujifanya tiba. Mtetezi atanitajia meno ya bandia, ambayo hutafuna nyama vizuri tu. Naam, lakini hata hayo yamekaa mahali pa meno yaliyong'oka. Kiesperanto kimekaa mahali pa lugha gani iliyong'oka? Katika akademia hiyo, iliyozinduliwa rasmi mwaka 1985 na ambayo rais wake wa kwanza alikuwa mtaalamu wa sibernetiki (elimu ya udhibiti na mawasiliano katika mashine na viumbe), Helmar Frank, mtahiniwa huandika tasnifu kwa lugha mbili, mojawapo ikiwa Kiesperanto, na hoja yake haigeuki kuwa ghushi kwa kuandikwa humo.

Tazama neno malsanulejo, yaani hospitali: mal ni kinyume, san ni afya, ul ni mtu, ej ni mahali, na o ni alama ya nomino. Viungo vyote vinaonekana, kama mbao za jahazi. Na jahazi ndilo ninalotaka mlikumbuke, kwa kuwa sisi husema jahazi huundwa: fundi hulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao, akatia kalafati, na siku ya kulishusha majini sijamsikia nahodha akiliita jahazi bandia eti kwa sababu halikuota mtini. Na kama kuundwa ni ubandia, Kiswahili sanifu, ambacho Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kukichongea tahajia na msamiati mwaka 1930, kitaponea wapi?

Basi andikeni "lugha ya kuundwa", au "lugha unde" kwa waliokwisha kuizoea "akili unde". Wapo pia wasemao "lugha ya kutengenezwa", kana kwamba ni redio iliyorudi kwa fundi. Hiyo nitaivumilia.